Gari la Herufi Tatu

Lori lililobeba magari matatu lilifika Mbinga Jumatatu saa nne asubuhi, mwezi wa pili mwaka 1996, likaegeshwa nyuma ya soko, kati ya akina mama wauza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, na fundi wa baiskeli. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Magari yote yalikuwa mekundu, ya milango miwili, mafupi kwa kimo, hata mtu mzima akisimama kando yake aliweza kuweka kikombe cha chai juu ya paa bila kuinua kiwiko. Fundi wa baiskeli aliweka chake.

Hamphrey alikuja na mkewe, Hilda. Alikuwa mtu wa ziwani, mzaliwa wa Mbaha, aliyeoa Mmatengo na kuhamia milimani. Kwa miaka kumi na tano alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika, mpaka soko la kahawa lilipofunguliwa na kampuni za watu binafsi zikaja kununua. Moja ya kampuni hizo ilimfanya wakala wake, kwa kuwa wakulima walimjua na waliuamini mkono wake. Msimu uliopita alikusanya kahawa nyingi kuliko wakala mwingine yeyote. Kampuni ikamwandikia barua ya pongezi, ikasema inampa gari. Lingekuwa gari la michezo, kwa sababu mwenye kampuni aliamini kwamba mkulima hupeleka kahawa yake kwa mtu anayeonekana amefika. Kilichobaki kwa Hamphrey kilikuwa kuchagua toleo, na jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa jioni.

"Gari ni lilelile," alisema Ignatio, muuza magari kutoka Songea, mtu mpole aliyevaa tai na mabuti ya mpira. "Injini moja, rangi moja, viti vilevile. Tofauti ni herufi za nyuma. La herufi moja halina lami. La herufi mbili lina lami. La herufi tatu lina lami kamili."

Hilda aliuliza kama viti vinafutika kwa kitambaa chenye maji. Ignatio akasema vinafutika.

Hamphrey alizunguka magari yote matatu, akasoma herufi za nyuma, akazunguka tena. Maisha yake yote ya kazi mizani ndiyo iliyoamua, yeye akasoma tu. Sasa hakukuwa na mizani.

Ignatio aliiona hali yake. "Usichague hapa sokoni, bosi," alimwambia. "Gari hulijui mpaka uende nalo kule unakokwenda kila siku. Chukua moja kila siku, hadi Alhamisi. Ijumaa unaniandikia."

Jumanne Hamphrey aliendesha gari la herufi moja kwenda Litembo, alikokuwa na wakulima wa kuwatembelea. Barabara ilikuwa kama ilivyokuwa kila masika. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kinatoa vibarua kuziba mashimo kabla ya msimu, ili malori yake yapite. Tangu soko lifunguliwe, kila kampuni ilinunua kahawa na kuondoka nayo, na mashimo hayakuwa kazi ya mtu. Gari lilikwangua tumbo kwenye jiwe la kwanza, likakwama kwenye tope la pili. Watu waliokuwa wanatengeneza ngoro zao, vile vishimo vya kulimia vya Wamatengo, mlimani waliteremka wakalisukuma, wakarudi kulima. Kufika saa saba alikuwa amesukumwa mara sita, na alikuwa bado hajaliona paa la hospitali ya Litembo.

Jumatano alichukua la herufi mbili, akashuka nalo hadi Mbaha kumwona dada yake.

Lami ilitokea hatua tano mbele ya gari, nyeusi na kavu, pana sawasawa na gari lenyewe. Ilikaa nyuma yake kwa muda wa kusali Baba Yetu na Salamu Maria tatu, kisha udongo ukarudi kama ulivyokuwa. Gari halikuwa na haraka. Likizidisha mwendo lami ilichelewa kutokea, ikabidi lisubiri. Karibu na njia ya kushukia ziwani wanaume wanne waliokuwa wamebeba mzee kwenye machela waliingia nyuma yake, wakatembea juu ya mkia wa lami kwa karibu saa nzima. Walipofika kwao mmoja aliinua mkono. Hamphrey aliinua wake.

Violet alikuwa kando ya kichanja, anageuza usipa juani. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Alimwamkia kaka yake, akanawa mikono, akalizunguka gari mara moja kama mtu anayekagua mtumbwi. Watoto wake wawili wa kwanza walifia njiani, juu ya machela, wakati akipandishwa kwenda hospitali ya Litembo. Mkunga alikuwa amemwambia kwamba huyu wa tatu asijaribu kumzalia nyumbani. Alipanga kwenda kungojea hospitalini baada ya Pasaka, mama mkwe akishapata nafuu.

"Chukua hili, kaka," alisema. "Hili lenye mkia. Siku nikipelekwa mimi, na mwingine anapata pa kupita."

"Linakwenda polepole. Nimetumia karibu masaa matatu kutoka Litembo mpaka hapa."

"Machela inatumia siku nzima."

Hamphrey alitazama maji. Ziwa lilikuwa limetulia, na upande wa pili milima ya Malawi ilionekana wazi. "Mara ya mwisho," aliuliza, "uchungu ulikaa muda gani?"

Violet aligeuza samaki waliokuwa wameshageuzwa. "Masaa mawili tu," alisema.

Hawakuongea tena juu ya gari. Alipoondoka alifungiwa usipa kwenye gazeti.

Alhamisi aliendesha gari la herufi tatu. Lami yake ilitandikwa hatua hamsini mbele, ikiwa na mstari mweupe katikati, ingawa haikuwa pana kuliko gari na hakuna gari jingine ambalo lingeweza kupishana nalo. Mito ilipata madaraja. Kutoka Mbinga mpaka Mbaha, mlima wote na mabonde yote, alitumia dakika hamsini. Mikono yake ilikuwa mepesi kwenye usukani. Aligusa maji ya ziwa kwa kiatu, akageuza.

Katika kurudi alitazama kioo. Lami ilitoweka palepale gari lilipopita, na barabara iliyobaki nyuma ilikuwa imeshuka kwa kina cha kiganja, pamoja na kingo zake. Kwa kuwa alikuwa amepita asubuhi, sasa ilikuwa imeshuka mara mbili. Basi la Mbinga lilikuwa limelala ubavu mahali ambapo asubuhi lingepita. Abiria walikuwa wamekaa kwenye mabegi yao wanakula mahindi ya kuchemsha. Dereva alimsogelea Hamphrey dirishani kwa heshima.

"Bosi, kesho unapita saa ngapi?"

"Sijui. Bado sijachagua."

"Ukishachagua tuambie. Tutabadilisha ratiba."

Hamphrey alimwuliza Ignatio kuhusu jambo hilo jioni ileile. Ignatio alifuta tope kwenye mabuti yake kwa kijiti.

"Lami lazima itoke mahali, bosi. Hii haitoki kiwandani. Inavutwa kwenye barabara iliyopo. La herufi mbili linaazima, likishapita linarudisha. La herufi tatu halirudishi. Ndiyo maana lina mwendo."

"Na ikiisha?"

"Barabara ya Mungu haiishi. Inashuka tu."

Ijumaa Hamphrey hakula. Alikaa barazani na fomu ya kampuni juu ya goti, akainuka, akazunguka nyumba, akarudi kukaa. Alimwuliza Hilda mara nne. Mara tatu za kwanza Hilda alijibu kwamba yeye hajui magari. Mara ya nne aliweka chini ungo wa maharage.

"Baba Gertruda, mambo mawili tu. Violet ana uchungu wa haraka. Na kampuni wakisikia ulipewa la juu ukachukua la kati, mwakani watatafuta mtu anayependa la juu. Wale wengine wa njiani nawaonea huruma, lakini sikuolewa nao."

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Hamphrey aliandika herufi mbili, akaweka kalamu chini. Kisha akaiinua tena na kuongeza ya tatu.

Katikati ya mwezi wa tatu, wiki tatu kabla ya Pasaka, kijana mwenye baiskeli alifika Mbinga saa nne asubuhi ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Nathanieli, mume wa Violet, alikuwa amemtuma tangu jana yake. Violet alikuwa anavuja maji kidogokidogo na mkunga hakupendezwa nayo. Hamphrey alikuwa barabarani kabla kijana hajamaliza uji aliopewa.

Alipofika Mbaha uchungu ulikuwa umeanza. Walimlaza Violet kwenye kiti cha mbele kilichoinamishwa. Nathanieli alijikunja kiti cha nyuma, magoti yakigusa kidevu. Mvua ilikuwa inanyesha sana, lakini juu ya lami ilikauka kabla ya kutua.

Walikuwa wamemaliza kona ya nne ya kupanda walipowakuta watu wa machela. Walikuwa wanne, na nyuma yao Raimundi, mkulima wa kijiji cha juu ya Mbaha, ameshika mwavuli juu ya mkewe, Ottilia. Walisikia honi, wakapanda ukingoni kwa shida na kujibanza kwenye mti. Blanketi liliteleza, na tumbo la Ottilia likaonekana.

"Kaka, simama," alisema Violet. "Nathanieli ashuke. Yule mama apande."

Hamphrey hakupunguza mwendo. Macho yake yalikuwa kwenye mstari mweupe.

"Kaka."

"Unasema mwenyewe masaa mawili. Limebaki moja."

"Ni nani yule?"

"Simjui," alisema Hamphrey, ambaye alikuwa amempimia Raimundi kahawa kwa miaka kumi na tano na alijua hata gunia lake linavyofungwa.

Nyuma yao barabara ilishuka.

Walifika Litembo saa sita na nusu, na robo saa baadaye Violet alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Hamphrey aliposikia kilio aliketi kwenye ngazi za hospitali, na sista mmoja akamletea chai ya maziwa. Aliinywa yote. Kisha akakaa palepale akitazama upande wa barabara.

Watu wa machela walitokea jua linapozama. Tope lilikuwa limewafika kifuani. Kwenye miteremko, walisema, barabara ilikuwa imeshuka kuliko kimo chao, wakawa wanampitisha Ottilia kwa kamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Walisema bila malalamiko, kama watu wanaoeleza hali ya hewa. Ottilia alikuwa hai. Mtoto alikuwa amefariki tangu mchana.

Raimundi alimwona Hamphrey, akamfuata na kumpa mkono.

"Pole na safari."

"Raimundi," alisema Hamphrey. "Mimi pale..."

"Tulisikia gari tukakaa pembeni. Hamkutupiga tope hata kidogo." Alikamua maji kwenye kofia yake. "Dada yako kajifungua?"

"Kajifungua."

"Tumshukuru Mungu." Alivaa kofia. "Utashuka tena lini? Keshokutwa nina watu wa kuja msibani. Ningependa kuwaambia wapite kabla yako."

Ottilia alipewa kitanda kilichokuwa kando ya kile cha Violet, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi.

Asubuhi iliyofuata Hamphrey alienda moja kwa moja Songea. Alimkuta Ignatio anakunywa soda mbele ya ofisi yake, akamwambia anataka kulibadilisha gari, achukue la herufi mbili, hata kama limekwanguka, hata kama kampuni itamfukuza. Sauti yake ilikuwa juu kidogo. Ignatio alimsikiliza mpaka mwisho, akamvutia kiti.

"La herufi mbili limeondolewa, bosi. Halitengenezwi tena. Watu hawakulitaka."

"Mimi nalitaka."

"Ulikuwa nalo siku nzima." Ignatio alisema hivyo bila ubaya. "Tatizo lake ni ule mkia. Mtu ananunua gari, wanaofaidi ni wasionunua. Wateja wengi waliona si sawa."

Hamphrey alirudi Mbinga polepole, na hilo lilikuwa kosa, maana gari likienda polepole barabara ilishuka zaidi. Kwa siku mbili alilifunika turubai uani, akatembea kwa miguu. Siku ya tatu barua ya kampuni ilikuja ikimjulisha kwamba kuna mhandisi anakuja kukagua barabara za wilaya, amwendeshe, kwa kuwa hakuna gari jingine linalopita.

Mhandisi alikuwa mtu mzima, mwenye miwani na mkoba uliojaa fomu. Alikaa mbele, akafunga mkanda, akaweka ubao wa kuandikia magotini. Walikwenda mpaka ziwani na kurudi. Kila baada ya kilomita tano alitazama nje kupitia kioo cha mbele, akaandika. Hamphrey aliweza kusoma kwa jicho la pembeni: *Lami. Hali: nzuri. Madaraja: yapo. Matengenezo: hayahitajiki.*

Walipokaribia Litembo, Hamphrey alisimamisha gari. Alizima injini.

"Mzee, nisamehe. Naomba ugeuke utazame nyuma."

Mhandisi aligeuka. Alitazama kwa muda wa kutosha, kwa sababu alikuwa mtu makini. Nyuma yao kulikuwa na korongo jekundu, na mbuzi mmoja alikuwa amesimama chini kabisa anatafuta pa kupandia.

"Nimeona," alisema. "Ni kweli. Lakini fomu inauliza barabara iliyo chini ya gari."

"Basi tushuke kwenye gari."

"Nikishuka, kijana wangu, hakuna gari. Nitajaza nini?" Alisema kwa upole wa kweli, kisha akapiga mhuri. Wilaya ilikuwa na fungu la kutengeneza barabara moja mwaka huo. Lilipelekwa kwingine, kwenye barabara ambayo haikuwa na lami.

Violet na Ottilia waliruhusiwa siku moja, Jumamosi, siku ya soko. Nathanieli alikuwa amerudi kwenye nyavu zake na Raimundi kwenye matanga. Hamphrey alikuwa ameahidi kumfuata dada yake saa tatu, lakini alipofika kitanda kilikuwa kimetandikwa. Sista alimwambia kwamba wale akina mama wawili wameondoka kwa miguu.

Aliwakuta baada ya mikaratusi, kwenye mteremko wa kwanza. Violet alikuwa na mtoto kifuani, amemfunika kanga mbili. Ottilia alikuwa amebeba begi la Violet kichwani, kwa kuwa yeye hakuwa na kitu cha kubeba. Walikuwa wanatembea kwenye ukingo uliobaki, mguu mbele ya mguu.

Hamphrey aliteremsha kioo.

"Shikamoo, kaka," alisema Violet bila kusimama.

"Marahaba. Pandeni. Nyote wawili, nafasi ipo."

"Hatupandi."

"Ni siku nzima kwa miguu, Violet. Na hicho kitoto."

"Leo soko. Watu wote wa chini wamepanda asubuhi, watashuka mchana na mizigo yao. Ukitupeleka sisi, wao watapita wapi?"

Gari lilikwenda sambamba nao. Hamphrey alimtazama Ottilia, ambaye hakumtazama. Alitafuta neno la kumwambia. Lililomjia lilikuwa lilelile ambalo Raimundi alimwambia yeye, akalisema.

"Pole na safari, mama."

"Asante, baba," alisema Ottilia.

Walikwenda hivyo hatua mia moja. Kisha Hamphrey akasema, akiharakisha maneno kama mtu anayeogopa kukatizwa: "Basi msipande. Tembeeni mbele yangu tu. Lami ipo hatua hamsini, kavu. Nitakuja polepole nyuma yenu, mpaka nyumbani."

Violet alitikisa kichwa. Lakini Ottilia alisimama. Miguu yake ilikuwa imevimba, na damu kidogo ilikuwa imefika kwenye pindo la kitenge. Alitazama ukingo ulivyokuwa mwembamba huko mbele, akatazama lami. Akashuka, akakanyaga. Alivua kandambili zake, akazishika mkononi.

"Ina joto," alisema.

Violet aliendelea peke yake ukingoni. Kwenye bomba la maji lililovunjika udongo ulimeguka chini ya mguu wake, akapiga goti moja, mikono yote miwili imemkumbatia mtoto. Mtoto hakuamka. Ottilia alirudi hatua mbili, akamnyooshea mkono. Violet alibaki amepiga goti kwa muda, akiutazama mkono ule. Halafu akaushika, akashuka.

Hamphrey aliweka gia ya kwanza. Wanawake wawili walitembea mbele yake juu ya mstari mweupe, na baada ya muda Ottilia aliomba amsaidie kumbeba mtoto, akapewa.

Nyuma ya gari barabara ilishuka mpaka kiunoni, kisha mpaka mabegani. Watu wa kwanza waliotoka sokoni walifika pale inapoanzia, wakatua mizigo, wakatazama kina chake. Mmoja akakata fimbo ya kupimia. Kisha wakajitwika tena, wakapanda ukingo mmojammoja, na kuanza kupita ndani ya mahindi ya watu, wakiomba radhi kila shamba.